Fedha za misitu hugawanyika vipi kabla ya kufika shehiani?

Mkaazi wa Kusini Unguja: Assalamu alaykum. Mradi wa HIMA, ulioendeshwa na shirika la misaada la CARE kwa fedha za Norway, ulizisaidia shehia za Unguja na Pemba kuwekeana na Serikali mikataba ya kusimamia misitu yao. Kamati ziliundwa, mipaka ikawekwa na doria zikaanza. Naomba wajuzi wanieleze: fedha za namna hii hupita wapi, hata aliyeacha kukata kuni akaambulia kidogo?

Mstaafu wa misitu, Wete: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mwaka 2008 Norway iliahidi kuipa Tanzania krona milioni 500 kwa miaka mitano, na sehemu kubwa ilikusudiwa utafiti, mafunzo na miradi ya majaribio, wala si malipo ya mwanakijiji. Na kabla msitu haujalipwa kwa hewaukaa (kaboni) unayoihifadhi, ambayo huuzwa kwa tani, lazima mtu azungukie kila kiwanja cha sampuli na utepe, apime unene wa miti kwenye usawa wa kifua, hesabu zilinganishwe na picha za satelaiti, kisha mkaguzi wa nje azithibitishe. Na mkaguzi huyo, kwa niliyoyaona, hali ugali wa bure. Msitu mdogo hulipia takriban gharama zilezile za msitu mkubwa, na visiwa vyetu ni vidogo.

Msomaji wa Chake Chake: Nakubaliana na mzee wetu, ila gharama za vipimo si sababu pekee. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi za watu wa asili na jamii zinazotunza misitu. Ripoti yao wenyewe ya mwaka wa kwanza ilionesha kuwa asilimia 7 tu ya zilizotolewa zilifika moja kwa moja kwenye asasi za watu hao. Nyingine zilipitia mashirika makubwa, serikali na washauri.

Mjumbe wa kamati ya shehia: Kwenye msitu wa hifadhi wa Jozani, Unguja, kuna njia fupi zaidi: sehemu ya viingilio vya watalii hurudi kwa vijiji jirani. Kwa hiyo mkiletewa mkataba wa kaboni, yaani wa kuuza hiyo hewaukaa, kabla sheha hajatia saini, ulizeni akaunti itashikwa na nani, kamati itapata asilimia ngapi, na nani atanunua tochi na viatu vya doria mradi ukimalizika. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Ya mdomoni hayatoshi.