Tupeane uzoefu: binti kaja mwenyewe kwa kijana, imegeuka kesi ya kutorosha

#1
Habari zenu wakuu, naomba wenye uzoefu wa hizi kesi tuambiane maana vijana wetu wanaingia ndani hata hawajui wameingiaje. Naanza mimi. Mdogo wangu ana miaka 22, fundi pikipiki, alikuwa na kabinti ka form two, miaka 15. Binti kagombana na mama yake, kabeba kibegi, saa mbili usiku yuko mlangoni kwetu. Dogo badala ya kuniamsha akakata tiketi asubuhi wakapanda basi kwenda kwa rafiki yake mkoa mwingine, siku ya nne wakadakwa. Pale kituoni anarudia neno hilohilo, "alikuja mwenyewe, muulizeni", na binti kweli akasema nilikuja mwenyewe, askari wa dawati la jinsia anaandika tu hata kichwa hainui. Kumbe kwenye kutorosha wanaangalia ridhaa ya mzazi, ya binti haiulizwi. Zile tiketi mbili, siti 31 na 32, zililipwa kwa simu ya dogo, ndizo zilizommaliza. Roho inaniuma mpaka leo, angeniamsha tu ningemrudisha mtoto kwao usiku uleule.

#2
Pole sana ndugu yangu. Mimi nipo upande wa mama. Wangu alikuwa na 14, akaondoka na dereva boda. Wazee wa kijana wakaja na mbuzi wawili na laki tatu, baba yake akapokea, wakasainiana kwa mtendaji nikajua ndo yameisha. Wapi! Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, niliitwa shahidi nikasimama kizimbani na kadi ya kliniki imechakaa, peni ya bluu imefifia, hakimu akaigeuzageuza kwenye mwanga anatafuta mwaka. Nilikuwa natetemeka jamani, maana yule kijana namjua tangu anatembea peku.

#3
Wakuu ni hivi, kifungu cha 134 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema ukimtoa binti ambaye hajaolewa, chini ya miaka 16, kwenye uangalizi wa wazazi wake bila wao kutaka, ni kosa. Na wakilala pamoja inaingia 130, ubakaji, pale hata akiridhia yeye maadamu hajafika 18 ni kifungo kisichopungua miaka 30. Hata "aliniambia ni mkubwa" ni kinga mbovu, huko Uingereza tulikorithi hiki kifungu kuna kesi ya 1875 ya jamaa aitwaye Prince, binti alimdanganya ana 18, mahakama ikakubali jamaa aliamini kweli na bado ikamtia hatiani.

#4
Na wanaosema nitamuoa tu yaishe wasijidanganye. Vile vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vya binti wa 15 kuolewa wazazi wakikubali, Mahakama Kuu ilisema 2016 vinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Akiwa mwanafunzi ndo kabisaa, sheria ya elimu ilirekebishwa 2016, kumuoa au kumpa mimba ni 30 pia.

#5
Kwetu wote walikuwa watoto, yeye 16 binti 15. Huyo wa kiume hakufungwa, alichapwa viboko kwa sababu hajavuka 18 na ni kosa la kwanza. Ila shule hakurudi tena, anaona aibu.

#6
Jamani mimi wangu ana 17, kamaliza form four, yuko kwa kijana tangu jumapili, simu anapokea anasema yuko salama. Nifanyeje?

#3
Dada, kwa 17 hiyo 134 haipo, ila 130 iko palepale mpaka afike 18. Nenda leo na shangazi yake mkamchukue, pitieni kwanza dawati la jinsia mtoe taarifa. Usiende na kaka zake wenye hasira.

#6
Asante mkuu, shangazi yake ndo anavaa viatu hapa.