Tupeane uzoefu: vyuma vya meno, wiki za mwanzo

#1
Wakuu, uzi huu ni wa waliofungwa vyuma karibuni na wanaojiandaa. Habari za kulia usiku kucha zimetosha. Weka kitu ambacho mtu atakifanya leo leo, na useme kwa nini.

Naanza na maumivu. Kufungwa kwenyewe hakuumi. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, hufika kileleni kesho yake, na ndani ya wiki huwa yameshuka sana. Waya wa kwanza mara nyingi ni mwembamba, wa nikeli na titani, na una tabia ya kurudia umbo lake. Ukifungwa kwenye meno yaliyopishana unapinda, kisha unajinyoosha taratibu ukiyavuta. Kinachouma ni nyuzi laini zinazoshika mzizi kwenye mfupa, zinabanwa. Dawa ya kawaida ya maumivu inatosha, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Maji baridi pia husaidia, kwa sababu waya huo ukipoa hulegea kidogo.

#2
Nta ya kufunika vyuma vinavyochubua. Wengi wanalalamika haikai. Haikai kwa sababu chuma kina mate! Vuta shavu, kandamiza karatasi ya tishu juu ya braketi (kile kipande kidogo kilichobandikwa kwenye jino kushika waya), hesabu mpaka kumi. Kata kipande saizi ya punje ya dengu, kiviringishe vidoleni kilainike, kisha bonyeza mpaka kiingie kwenye pembe za braketi. Kitoe kabla ya kula na kupiga mswaki. Ukikimeza hakina neno. Weka panapochubua tu, maana shavu nalo lazima likomae.

Kidonda kikishatokea: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua na uteme, mara tatu au nne kwa siku.

#3
Mnaongelea maumivu sana, lakini watu wanaharibikiwa kwenye mswaki, kwa sababu pale hapaumi. Ukoga unaokaa kati ya braketi na ufizi hutoa tindikali inayokula madini ya jino. Wiki chache tu zinatosha kuleta madoa meupe kama chaki. Siku vyuma vinatolewa, jino limenyooka vizuri lakini lina fremu nyeupe kuzunguka pale braketi ilipokuwa.

Sukutua kwanza maji kutoa mabaki ya chakula. Chukua mswaki laini, uinamishe nyuzi 45 kuelekea ufizi, upite mstari ulio kati ya ufizi na braketi, jino kwa jino. Geuza uje kutoka upande wa pili wa braketi. Halafu uso wa mbele wa jino, sehemu ya kutafunia, na ndani. Maliza na kibrashi chembamba cha katikati ya meno: kiingize nyuma ya waya, kati ya braketi mbili, kipandishe na kukishusha mara mbili tatu kila nafasi. Usiku yote hayo ni dakika nne au tano, si moja. Dawa iwe na floraidi, 1,350 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni), na ukimaliza tema bila kusukutua maji.

Sogea kwenye kioo chenye mwanga. Kingo nne za kila braketi zinatakiwa zionekane kali. Ukiona zimefifia kama zimepakwa krimu, rudia. Ufizi ukitoa damu watu huacha kuugusa, kosa. Mara nyingi damu hiyo inatokana na ukoga uliobaki.

#4
Braketi imebandikwa kwa gundi inayotakiwa itoke siku moja bila kuondoka na jino, kwa hiyo usitegemee nguvu ya saruji. Tufaha na karoti kata vipande, tafuna kwa magego. Barafu na mifupa achana navyo kabisa. Braketi za chini hung'oka kirahisi kwa sababu meno ya juu yanazigonga, ndiyo maana wengine huwekewa vifundo vya gundi kwenye magego. Utahisi meno hayakutani. Ni makusudi.

Ikibanduka na kuzunguka kwenye waya kama shanga, usiivute. Ishike kwa nta, piga simu kliniki.

#5
Waya ukichoma shavu nyuma, tazama upande wa pili. Kama huko ncha imepotea ndani ya braketi ya mwisho, waya umeteleza. Kama pande zote ziko sawa, meno yamejipanga na waya umebaki mrefu, dalili nzuri hiyo. Sukuma ncha kwa pamba ya kijiti ilale kwenye jino, kisha nta, kisha kliniki. Nikisikia mtu anashauri kikata kucha huwa nasisimka: kipande kinaruka nyuma ya ulimi.

#6
Kwa waliopewa raba za kuunganisha taya la juu na la chini: mara nyingi ni zaidi ya saa 20 kwa siku, unatoa wakati wa kula na mswaki tu, kadiri daktari alivyoagiza. Raba huchoka ndani ya saa chache, hivyo badilisha hata kama haijakatika, pande zote mbili kwa pamoja ili mvuto ulingane. Uliruka jana? Leo vaa moja moja kama kawaida. Ukivaa mbili unaongeza nguvu ambayo daktari hakuipanga, na mizizi ndiyo inayobeba.

#7
Na meno kucheza kidogo ukiyagusa kwa ulimi?

#8
Kidogo ni kawaida, mfupa unajipanga upya. Likiyumba sana, au jino moja likauma kuliko mengine baada ya wiki mbili, usisubiri siku ya miadi.