Nimechoka kuambiwa "panda pakeji": lagi ya gemu, huku kuganda na kuchelewa, si spidi, na nyinyi kampuni ya intaneti mwajua!

Wadau, salamu kwenu nyote, ila leo sikuja na upole.

Twakaa Kibokoni, nyumba ya zamani, familia nzima kwenye laini moja ya faiba ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde). Mchana mambo shwari. Ikishaswaliwa isha, watu wamerudi na kila mmoja ana simu mkononi, gemu haichezeki tena. Kwenye Counter-Strike namwona mtu achungulia pembeni, nafyatua, skrini yaganda, ikirudi mimi ndiye niliyelala chini. Kwenye mpira ndo usiseme. Nabonyeza pasi, jamaa aja kuipiga mpira ushanyang'anywa zamani.

Napigia huduma kwa wateja. "Mteja wetu, umejaribu kuzima ruta na kuiwasha tena?" Nishazima. "Basi twakushauri upande pakeji ya Mbps 40." Kila nikipiga ni maneno yayo hayo, kinachobadilika ni sauti tu. Na hapo ndipo ninapopandwa na mori, kwa sababu ushauri huo ni wa kuniuzia dawa ya ugonjwa nisioumwa.

Gemu haili spidi, jamani. Mechi nzima ya mtandaoni haifikishi hata Mbps 1. Inachotaka ni vipakiti vidogo vidogo vya data viende kwenye seva na virudi upesi, tena kwa mwendo ule ule bila kuyumba. Mtu aniambie hizo 40 nizipeleke wapi.

Hebu tazameni wenyewe, hata leo usiku mwaweza kujaribu. Fungua kompyuta, dirisha moja upige ping kwa ruta yako (ping yapima pakiti yachukua muda gani kwenda na kurudi), dirisha la pili upige ping 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje. Kwangu, nyumba ikiwa imetulia, ruta yajibu kwa milisekunde 1, 1, 2. Nje 14, 15, 14. Safi kabisa. Sasa dadangu, anayeuza madera mtandaoni, aketi aanze kupandisha video ya mzigo mpya. Ruta bado 1, 2, 1. Nje: 90. 310. 640. 780! Video ikimalizika, palepale yarudi 14. Hakuna aliyegusa waya, hakuna aliyezima kitu.

Kwa hiyo tatizo liko wapi? Ile 20 wanayoipigia tangazo ni ya kushusha. Ya kupandisha wametupa Mbps 5, imeandikwa huko chini kwenye mkataba kwa herufi za siafu. Na ruta yao, data ikizidi njia, haisemi "punguza". Yairundika yote kwenye kumbukumbu yake ingoje zamu. Pigeni hesabu: kilobaiti 500 zikiwa kwenye foleni ni megabiti 4 (baiti moja ni biti nane), na kwa Mbps 5 hizo ni sekunde 0.8 kabla foleni haijaisha. Risasi yangu iko nyuma ya video ya madera, yangoja milisekunde 800. Na hata nikipanda hiyo pakeji yao, kupandisha kukawa Mbps 10, foleni hiyo hiyo ni milisekunde 400. Nimelipa zaidi na bado nimekufa.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa foleni. Pale feri ya Likoni, ambulensi haiachwi ingoje nyuma ya malori, yapitishwa mbele, na lori halipungukiwi na kitu. Ruta pia yaweza kufanya hivyo. Programu za kupanga foleni zipo miaka mingi, fq_codel na CAKE, zimo ndani ya OpenWrt, mfumo huria unaouweka kwenye ruta badala ya ule wa kiwandani, na ni za bure. Zagawa njia kwa haki ili pakiti ndogo zisikae nyuma ya mzigo mkubwa. Unachofanya ni kuweka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya spidi halisi ya laini, ili foleni isijae mahali usipoweza kuidhibiti. Basi.

Lakini ruta yao wameifunga! Ukurasa niliopewa una vitu viwili tu, jina la Wi-Fi na paswodi. Fundi alipokuja nikamuomba paswodi kuu. "Hiyo ni ya kampuni, kaka, hatutoi." Nikamwambia basi iwekeni iwe daraja tu, ipitishe intaneti, kazi ya ruta niifanye na yangu. "Hiyo ni ya wateja wa biashara." Fundi mwenyewe sina ugomvi naye, katumwa. Ugomvi wangu ni na waliomtuma.

Najua kuna atakayerukia kusema ni Wi-Fi. Mimi nacheza kwa waya. Nyumba zetu hizi kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene, ile ya 5 GHz haivuki chumba cha pili, na ile ya 2.4 imejaa majirani pande zote. Ruta yenyewe waliitundika mlangoni kwa sababu fundi wa kwanza alisema waya wake haufiki ndani. Nilinunua wangu wa Cat6 nikaupitisha juu ya milango hadi chumbani. Ndiyo maana ruta yajibu kwa milisekunde 1. Hapo kwangu hapana kosa.

Wengine watasema ni baharini. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, nilinyamaza, ile ni bahari. Na umbali pia naujua: mwanga ndani ya faiba wakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva ya Ulaya haitanipa pingi ya 20 hata nikilia. Nachagua Dubai au Johannesburg, sina neno. Lakini nyaya zatia nanga hapa hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, Nairobi wapata baada yetu, halafu mimi nife kwa sababu ya foleni iliyo ndani ya kisanduku cha mlangoni kwangu?

Nilichofanya ni kununua ruta yangu, nikaitia OpenWrt, nikaichomeka nyuma ya yao na watu wote wa nyumbani nikawahamishia huko. Kupandisha nikaweka kikomo cha Mbps 4.3. Dada apandisha madera yake, pingi yapanda hadi 22 na hapo yasimama. Laini ni hiyo hiyo, pakeji ni hiyo hiyo, bei ni hiyo hiyo! Kwa hiyo mlikuwa mnaniuzia Mbps 40 za nini?

Na bado sijamaliza, maana ruta mbili zikifuatana, juu yake kampuni imetuweka wateja chungu nzima kwenye anwani moja ya IP, PlayStation ya mdogo wangu yasoma NAT Type 3, yaani wenzake wa nje hawawezi kuifikia vizuri. Kuongea na wenzake kwenye mechi mara yakubali mara yakataa. Hilo siwezi kulitengeneza mimi, funguo wanazo wao.

Nimewaandikia barua pepe na picha za skrini za ping zote. Nataka moja kati ya mawili: ruta yao iwe daraja, au wanipe paswodi. Wasiponijibu kwa maandishi, faili naipeleka Mamlaka ya Mawasiliano.

Wadau wa Kibokoni, Kuze, Makadara, nani analipia laini ambayo ruta yake waruhusiwa kuigusa? Na ukijibu, taja Mbps za kupandisha, za kushusha baki nazo.