Naomba ushauri: dawa ya kuondoa madini ya chuma kwa mgonjwa wa saratani

Mwana wa Korogwe
Wakuu, habari za usiku. Mama yangu ana miaka 58, ana saratani ya mlango wa kizazi, wametuambia hatua ya pili. Yupo kwenye mionzi hapa Dar, na kila wiki anawekewa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani. Nimesoma sana usiku huu. Kumbe seli za saratani zina uchu wa madini ya chuma kuliko seli za kawaida, na zipo dawa zinazoyanasa hayo madini na kuyatoa mwilini. Je, mgonjwa kama mama anaweza kuzitumia? Na dozi huwa kiasi gani kwa mtu wa kilo 54? Natanguliza shukrani.

Babu Ndevu
Ngoja waje wajuzi. Pole sana mkuu, mama ni mama.

Mama Zawadi 2
Pole mwanangu. Dada yangu aliugua titi mwaka 2016, kila jirani akaja na chupa yake: rozela, juisi ya bitiruti, mizizi ya kuchemsha. Alikunywa zote kwa heshima ya watu, mpaka tumbo likamkataa. Wewe shika tarehe za mionzi tu, asikose hata moja. Na umwombee.

Kisiki cha Mpingo
Hii saratani inazuilika jamani. Chanjo ya HPV mabinti wanapewa bure nchini tangu 2018, lakini bado kuna wababa wanawaficha watoto ndani siku ya chanjo. Tubadilike.

Mfamasia wa Zamu
Kisiki, hakuuliza chanjo. Mleta uzi, mbona umekimbilia dozi? Dawa unayo mkononi?

Mwana wa Korogwe
Nauliza kwa kujifunza tu mkuu.

Mfamasia wa Zamu
Sawa. Damu yake ngapi? Na kipimo cha figo, kreatinini, mara ya mwisho kilisemaje?

Mwana wa Korogwe
Damu ilishuka hadi 7.4, wakamwongezea chupa mbili. Kreatinini ilikuwa nzuri, ila juzi imepanda, wakaahirisha dripu.

Basi niseme ukweli. Ninayo deferasiroksi, moja ya hizo dawa za kunasa chuma. Leo ni siku ya tisa nampa. Nayeyusha kidonge kwenye juisi ya chungwa asubuhi kabla hajala, yeye anajua ni vitamini. Madaktari hawajui. Naomba msinishambulie, sikukurupuka. Italia mwaka 1990 watoto 9 wenye nuroblastoma, saratani ya neva ya watoto, walipewa dawa ya jamii hii, na kwa 7 kati yao seli za saratani kwenye uboho zilipungua. Halafu kila chupa ya damu inaingiza miligramu 200 na zaidi za chuma. Nilipoona inaning'inia pale nikasema tunaulisha uvimbe. Nimepanga siku 14 tu.

Chapa Nyundo
Hii ni chai. Mwanangu ana sikoseli, anaongezewa damu, chuma kimemjaa mwilini. Hiyo deferasiroksi nimeizungukia maduka yote ya Kariakoo, siipati. Huyu kajiunga jana, bandiko la kwanza, tayari anayeyusha kwenye juisi! Modi funga uzi.

Babu Ndevu
Chai kweli, leteni vitumbua 😂

Kisiki cha Mpingo
Na mimi nimeshtuka hapo kwa watoto wa Italia. Mtu mwenye mama mgonjwa anakumbuka takwimu za 1990?

Mama Zawadi 2
Anazikumbuka, Kisiki. Ukiuguza husomi kingine. Mimi nilikuwa najua majina ya dawa ambayo hata wauguzi walikuwa wanayasoma kwa kusitasita.

Mwana wa Korogwe
Dada yangu ameolewa Muscat. Mwanawe ana thalasemia, anaongezewa damu kila baada ya wiki tatu. Hospitali ya kule ilimbadilishia akaanza vile vya kumeza, vya kuyeyusha vikabaki maboksi mawili. Walikuja Idd wakayasahau nyumbani. Ningekuwa natunga, ningetunga jambo ambalo sioni aibu kuliandika.

Mfamasia wa Zamu
Kwangu iwe chai isiwe chai, jibu ni lile lile. Sisplatini inaumiza figo. Deferasiroksi nayo inaumiza figo, ini, na inaweza kutoboa tumbo likavuja damu. Onyo lake zito kabisa ndilo hilo. Umeziweka zote mbili kwa mtu mmoja ambaye tayari anavuja damu.

Ulichosoma si uongo. Seli ikitaka kugawanyika lazima itengeneze DNA mpya, na kimeng'enya cha kazi hiyo hakiendi bila chuma. Ndiyo maana watafiti walijaribu triapini, dawa nyingine inayonasa chuma, kwa ugonjwa huu huu wa mama, pamoja na sisplatini na mionzi. Mwanzoni ilitia moyo. Ilipofika kwenye jaribio kubwa, wanawake zaidi ya 400, walioongezewa triapini hawakuishi zaidi ya wenzao. Na wale watoto wa Italia walipewa desferoksamini kwa dripu, madaktari wakiwaangalia.

Kesho asubuhi usimpe. Na boksi liende kwa daktari wake.

Mwana wa Korogwe
Wakijua si watamfukuza kwenye matibabu? Wiki ijayo ana mionzi ya ndani. Zimebaki siku tano tu, nilifikiri nimalize kisha ndiyo niseme.

Mfamasia wa Zamu
Hakuna anayemfukuza mgonjwa kwa hilo. Ila wasipojua, watadhani figo zimeshindwa sisplatini na wanaweza kuifuta kabisa. Utakuwa umemnyang'anya mama dawa iliyothibitika ili umpe ya kubahatisha. Hizo siku tano ndizo zinazonitisha.

Chapa Nyundo
Mkuu kama si chai nisamehe. Hayo maboksi yakibaki unayafanyia nini? Nicheki pembeni.

Mfamasia wa Zamu
Nyundo, na wewe tena? Mtoto hupimwa figo na ini kabla ya kuanzishiwa. Waulize kliniki yake.

Chapa Nyundo
Nimeuliza mwaka mzima mkuu.

Mwana wa Korogwe
Saa 11 alfajiri. Mama ameamka, ameuliza juisi yake iko wapi. Nimempa uji. Bado sijamwambia. Maboksi yote mawili nimeyatia kwenye ule mfuko wa kadi ya kliniki, na mfuko huwa anaubeba mwenyewe.