Mafundi wa Arusha na Moshi: kipima vifaa cha kujiundia kimewasumbua wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, nipo Ngarenaro, natengeneza sabufa na TV. Nimeunda kile kipima vifaa vya elektroniki (kapasita, rezista, dayodi) cha chipu ya ATmega328, maana mita inaniambia kapasita ni nzima kwa uF (uwezo wa kutunza chaji) huku ESR, yaani ukinzani wake wa ndani, imeshapanda, kazi inarudi mezani. Sasa nikiwasha, skrini inajaa viboksi vyeusi mstari wa juu tu. Waliopitia hapa watujuze, na mengine yaliyowakuta.

Fundi Majengo (Moshi): Mkuu, viboksi maana yake skrini ina umeme ila haijapewa amri. Ama chipu haina programu, ama waya. Fuatilia kwa mita waya zinazotoka kwenye chipu kwenda miguu ya skrini iliyoandikwa RS, E, na D4 mpaka D7. Kwangu ule wa E ulikatikia ndani ya plastiki, kwa macho mzima kabisa. Skrini ingekuwa tupu kabisa ningesema zungusha potenshiometa ya mguu wa 3, ile ya kurekebisha weusi wa maandishi.

Risasi Moto: Mimi kilinisumbua kwenye vipimo, rezista ya 1k ilikuwa inasomeka ovyo. Zile sita za kupimia, tatu za ohm 680 na tatu za 470k, nilichomoa kwenye mabodi ya redio, zenye mstari wa dhahabu. Hizo ni za asilimia 5. Nikaweka za asilimia 1, nikagusanisha waya tatu za kupimia kikajisahihisha, kimetulia hadi leo.

Mama Sabufa: Jamani kapasita! Kijana wa jirani aliazima changu, akachomeka ile kubwa ya pawa saplai ya TV, ya 400V, ikiwa na chaji. Chipu ya 5V itapona? Bahati niliiweka kwenye soketi, nikabadilisha tu. Kapasita itoe chaji kwa balbu ya nyuzi, achana na kupiga shoti kwa bisibisi.

Fundi Majengo: Ndio maana bodi nzima napimia osiloskopu (skrini ya kuchora umeme) ikiwa kwenye XY, yaani volti inachorwa dhidi ya mkondo, pamoja na transfoma ndogo na rezista moja. Dayodi inachora kona, kapasita duara, shoti inasimama wima. Hata hivyo, kifaa kinachopimwa kizimwe umeme.

Mleta uzi: Waya zote zinapita. Chipu niliinunua tupu, itakuwa haina programu. Nani ana Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu) ya kuipakilia?

Risasi Moto: Ninayo, nipo Sakina. Njoo na chipu na kristali yako (ile ya kuipa chipu mapigo), ya 8 MHz lakini.