Galaksi imejaa haidrojeni: mionzi ya kuayonisha inapita wapi, na mbona hesabu inazidi 1?

BintiMvita (Tudor)
Asalaam aleikum wana jukwaa. Fotoni (chembe ya mwanga) yenye nishati ya zaidi ya eV 13.6 humezwa na atomu ya haidrojeni na kuing'oa elektroni, ndiyo kuayonisha, na galaksi zinazozaa nyota zimejaa haidrojeni hiyo hiyo. Hata hivyo, galaksi ndizo zinazohesabiwa kuwa zilifanya kazi kubwa ya kuayonisha gesi iliyo baina yake, katika miaka bilioni moja hivi ya mwanzo wa ulimwengu. Mionzi ilipita wapi?

La pili, kwa galaksi ya J1243+4646 nimechukua fotoni zilizotoroka (za urefu wa wimbi chini ya angstromu 912, ambazo ndizo za kuayonisha) nikazigawanya kwa zile zinazohesabiwa kutokana na mstari wa H-beta, yaani mwanga ambao haidrojeni iliyoayonishwa hutoa elektroni zikiirudia. Jibu ni karibu 2.6, na sehemu ya kitu haiwezi kuzidi kitu chenyewe. Nimekosea wapi?

Kaskazi_Likoni
Wa aleikum salaam dada. Nianze na la pili. H-beta huzaliwa na fotoni zilizomezwa peke yake. Zilizotoroka hazikuacha alama yoyote humo. Kwa hiyo chini ya mstari wa mgawanyo weka jumla ya zote mbili:

sehemu iliyotoroka = zilizotoroka ÷ (zilizotoroka + zilizomezwa)

Zilizomezwa kwa sekunde ni mng'ao wa H-beta (kwa erg kwa sekunde) mara 2.1 × 10^12, baada ya kusahihisha vumbi. Ukifanya hivyo, 2.6 yako inakuwa 2.6 ÷ 3.6, yaani asilimia 72, ambayo ndiyo thamani iliyochapishwa ya galaksi hiyo. Kosa hili hujificha kwa galaksi zinazovujisha kidogo: palipo na asilimia 8 utapata 8.7, wala hutashtuka.

Fundi_wa_Makuti
Sasa la njia. Chukua mrija wa upana wa sentimita moja ya mraba kutoka kwenye nyota hadi nje ya galaksi, uhesabu atomu zilizomo. Kila atomu inanasa kwa eneo la sentimita za mraba 6.3 × 10^-18 pale kwenye angstromu 912. Zikiwa 10^21, hapiti mtu. Zikiwa 10^17, hupita karibu asilimia 53. Tofauti ni mara elfu kumi, kwa hiyo kupunguza gesi nusu hakusaidii kitu. Lazima pawe na tundu.

Simama chini ya paa la makuti saa sita mchana. Likiwa jipya, sakafu yote ni kivuli. Likishapigwa na kusi misimu kadhaa, utaona madoa makali ya jua sakafuni, na sentimita chache pembeni kivuli ni kile kile. Jua halikufifia pote. Limepita zima penye tundu, na penye kuti halikupita kabisa. Gesi ikifunika asilimia 90 ya anga ya nyota, asilimia 10 hutoka, kabla vumbi halijachukua chake. Ipo hali nyingine, ya paa lililochakaa likawa jembamba pote: nyota zimeayonisha karibu gesi yote iliyozizunguka na mionzi ikabaki na ziada.

Anayetoboa ni supanova, pamoja na upepo na mwanga wa nyota zenyewe, na hapo pana mtihani wa wakati. Supanova za kwanza huja takriban miaka milioni 3 baada ya nyota kuzaliwa, na nyota kubwa zitoazo mionzi hii hufa ndani ya miaka milioni chache tu. Tundu likichelewa, linafunguka taa ikiwa imeshazimika. Nyota pacha zinazonyang'anyana gesi husaidia, kwani huendelea kutoa mionzi hata baada ya miaka milioni 10.

Nyali_Usiku
Basi si rahisi? Tafuta galaksi yenye oksijeni iliyoayonishwa mara mbili (mstari wa angstromu 5007) ikizidi sana ile ya mara moja (wa 3727), ushapata inayovuja.

Kaskazi_Likoni
Hapana ndugu yangu, hapo watu wengi huteleza. Uwiano mkubwa unasema gesi imepigwa sana na mionzi. Hausemi tundu limeelekea kwetu. Zipo zenye uwiano mkubwa zisizoonyesha hata fotoni moja. Mimi naamini zaidi vilele viwili vya Lyman-alfa, mstari wa haidrojeni wa angstromu 1216: vikikaribiana, gesi njiani ni chache. Galaksi ya J1154+2443 ina vilele vilivyoachana kwa kilomita 199 kwa sekunde, na asilimia 46 inatoroka. Tumia data ya COS (kifaa cha darubini ya Hubble cha kuchambua mwanga) ya G160M, kipambanuzi chake kinachoona mambo madogo. Ya G140L haitoshi kutenganisha vilele hivyo.

BintiMvita (Tudor)
Nimeelewa, shukrani. Na mbona hatupimi zile za mbali zenyewe, za mwanzo wa ulimwengu, moja kwa moja?

Fundi_wa_Makuti
Kwa sababu gesi iliyo baina ya galaksi inameza njiani. Mhamo mwekundu (kiasi ambacho mwanga umenyooshwa na upanuzi wa ulimwengu; ukiwa mkubwa, galaksi iko mbali zaidi) ukifika 6, hakuna kinachosalia chini ya 912. Kwenye 3 bado inawezekana: 912 inasogea hadi 3648, na darubini ya ardhini inaiona. Ila hakikisha kwa picha ya Hubble kwamba hakuna galaksi ya karibu iliyokaa mbele yake, maana mwanga wake wa kawaida utaudhania mionzi iliyotoroka. Na kwa zile za mhamo wa 0.3, dirisha la 850 hadi 900 linaangukia 1105 hadi 1170. Usisogee hadi 1216, hapo haidrojeni ya angani kwetu yenyewe inang'aa.