Fila ya mdomo: weupe na madoa hadi chini ya pua, tuendelee na barafu?

Mwanakwetu: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Mdogo wangu kachomwa fila (sindano ya kujaza mdomo) mdomo wa juu jana saa kumi jioni, ml 1. Leo upande wa kushoto una weupe na madoa ya zambarau kama wavu, hadi chini ya pua, na maumivu yanazidi. Aliyemchoma anasema ni damu kuvilia tu, aweke barafu.

Sindano27: Barafu ondoeni, inabana mishipa. Damu iliyovilia hukaa doa moja, haichori wavu. Bonyeza pale kwa kidole sekunde 5, achia, uhesabu. Ngozi salama hurudisha rangi ndani ya sekunde 2 hivi; ikipita 3 au 4, shuku ateri, mshipa unaoleta damu, imeziba. Linganisha na upande wa pili. Kwa ngozi nyeusi pindua mdomo utazame ndani, huko rangi haidanganyi.

Kidaktari: Mdai aliyemchoma jina la fila, apige picha boksi. Ya asidi ya hayaluroni huyeyushwa na dawa iitwayo hayaluronidezi. Ya kalsiamu haiyeyuki kwa dawa hiyo. Kichupa cha hayaluronidezi mara nyingi huwa na yuniti 1,500. Kawaida ni yuniti 500 hivi kwa kila eneo, na hapa maeneo ni mawili, mdomo na chini ya pua. Daktari ataieneza kote palipobadilika rangi, si kwenye tundu la sindano tu, atakanda, atapima tena baada ya saa moja, na kurudia rangi isiporudi. Wengi huharibu kwa kuweka yuniti chache kama wanaosawazisha umbo, kisha wanamruhusu mtu aende nyumbani.

Mwanakwetu: Kliniki yenyewe haina hiyo dawa.

Sindano27: Basi hawakupaswa kushika sindano! Pigeni simu idara ya macho ya hospitali kubwa. Madaktari wa macho huichanganya na dawa ya ganzi, kwa hiyo huenda wanayo. Semeni mapema kama aliwahi kuzidiwa na sumu ya nyuki, maana mwili wake unaweza kuikataa na dawa hii. Njiani mwekeeni kitambaa cha maji ya vuguvugu.

Kidaktari: Nendeni leo. Mkichelewa, siku ya pili au ya tatu hutoka vipele vyenye usaha, watu wakadhani ni malengelenge ya homa na kupewa dawa ya kupaka, kumbe ngozi inakufa. Akianza kuona ukungu au jicho kuuma, hiyo ni dharura ya dakika: retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikikosa damu haingoji foleni.

Mwanakwetu: Tumehesabu, sekunde 6. Tunatoka sasa.